Khabari za Gari la Studebaker na Ahadi za Watengenezaji Wake

Mtu anunuapo motokaa hununua vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza hukiona kwa macho yake: chuma, matairi, viti na injini. Cha pili hakionekani, nacho ni ahadi ya mtengenezaji: ya kuwa chombo kimeundwa kwa uaminifu, ya kuwa kikiharibika vipuri vyake vitapatikana, na ya kuwa jina lililoandikwa juu yake litakuwapo kesho kama lilivyokuwapo jana. Kile cha kwanza watu hukikagua sana. Huinama chini ya gari, hugonga bodi, husikiliza mlio wa injini. Hiki cha pili aghalabu hawakiulizi mpaka siku kitakapowapungukia.

Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu khabari za gari moja la Marekani liitwalo Studebaker. Jina hilo lilianza mwaka 1852, na gari la mwisho likatoka kiwandani mwaka 1966. Kampuni ilikufa, lakini magari yake mengi hayakufa pamoja nayo. Na katika ahadi ambazo kampuni ile iliziacha nyuma yake, moja iliendelea kutimizwa hata baada ya kiwanda kufungwa, na nyingine, iliyokuwa kubwa zaidi, ilivunjika vipande. Sababu ya tofauti hiyo ndiyo tunayotaka tuizingatie sote, maana yamhusu kila mwenye nyumba, awe na gari au asiwe nalo.

NDUGU WATANO

Baba wa ukoo huu alikuwa mhunzi na muunda magari ya farasi katika mji wa Ashland, jimbo la Ohio. Alikuwa na wana watano: Henry, Clement, John Mohler, Peter na Jacob. Mwezi wa Februari 1852, Henry na Clement walifungua karakana yao wenyewe mjini South Bend, jimbo la Indiana. Mtaji wao wote ulikuwa dola 68 pamoja na vyombo vya kufulia chuma. Walitia farasi viatu, wakatengeneza vilivyovunjika, na kila walipopata nafasi wakaunda gari la kukokotwa.

Mwaka uliofuata ndugu yao John Mohler, kijana asiyetimiza miaka 20, alisafiri kwenda California. Siku zile watu walikuwa wakimiminika huko kutafuta dhahabu. Alipofika katika mji uitwao Placerville, wenziwe walikimbilia mashimoni, naye akashika kazi ya kuwaundia wachimbaji matoroli ya kusukumia mchanga. Kwa miaka mitano aliunda matoroli, akaweka akiba, hatta watu wakampachika jina la Johnny wa Matoroli. Mwaka 1858 alirudi kwao na dola 8,000. Akainunua sehemu ya Henry, na fedha ile ikaipa karakana nguvu ya kuunda magari mengi kwa mpigo.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Karakana haikupanuka kwa maneno matupu; ilipanuka kwa fedha iliyokwisha kuchumwa na kuwekwa. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, jeshi lilihitaji magari kwa wingi, na ndugu hawa walikuwa na uwezo wa kuyatoa. Mwaka 1868 walifanya kampuni rasmi, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wakijitangaza kuwa ndio wenye kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani cha vyombo vya kukokotwa.

KUTOKA FARASI HATTA PETROLI

Ilipokuja motokaa, wengi katika waunda magari ya farasi waliipuuza, nao wakapotea. Studebaker hawakupotea. Mwaka 1902 waliuza motokaa ya kwanza, iendayo kwa umeme wa betri. Na mwaka 1904 wakaanza kuuza ya petroli. Magari ya farasi hawakuyaacha kwa ghafula, bali waliyaunda sambamba na motokaa mpaka kiasi cha mwaka 1920. John Mohler, aliyezaliwa mwaka 1833 na kuwa wa mwisho kufa katika ndugu watano, aliaga dunia mwaka 1917. Mtu yule yule aliyeunda matoroli ya mbao aliona jina lake likikimbia barabarani kwa nguvu ya injini.

Wakati huo uongozi ulikwisha kushikwa na Bwana Albert Erskine, ambaye hakuwa wa ukoo. Kwa muda mambo yalimnyookea. Kisha ikaja dhiki kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Bwana Erskine aliamini ya kuwa dhiki itapita upesi, akaendelea kuwagawia wenye hisa fedha nyingi kuliko faida iliyopatikana. Yaani alikuwa akiwagawia watu mtaji wenyewe huku wakidhani wanakula faida. Mwezi wa Machi 1933 kampuni ikafilisika, ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama. Na mwezi wa Julai mwaka ule ule Bwana Erskine akajiua. Ni khabari ya huzuni, wala hatuitaji ili kumlaumu maiti. Twaitaja kwa sababu desturi ile ya kutoa kisichokuwamo mfukoni tutakutana nayo tena hapa chini.

Mabwana wawili, Paul Hoffman na Harold Vance, waliiokoa kampuni. Mwaka 1935 ilitoka mikononi mwa mahakama, na mwaka 1939 ikatoa gari lililoitwa Champion, jepesi, la bei nafuu na lisilonywa petroli nyingi. Katika vita vya pili vya dunia kiwanda kiliunda malori yapatayo 200,000, na mengi yao yalipelekwa Urusi ya Kisovieti, ambako madereva walivuka nayo tope na theluji. Vita vilipokwisha, Studebaker waliwatangulia wakubwa wa Detroit kutoa gari la umbo jipya kabisa. Aina moja ilikuwa na kioo cha nyuma kilichozunguka pande zote, hatta watu wakafanya mzaha kuwa ukiiona barabarani hujui kama yaja au yaenda.

MWENYE GARI ALIVYOISHI NALO

Sasa tueleze gari lenyewe, maana sifa ya chombo hujulikana kwa mwenye kukitumia.

Jambo lililopendwa sana na wenye Studebaker lilikuwa kifaa cha kulizuia gari mlimani, kilichotiwa kuanzia mwaka 1936. Kila dereva ajua taabu ya kusimama penye mwinuko: mguu mmoja uko juu ya klachi, mwingine juu ya breki, na wa tatu wa kukanyagia mafuta hakuna. Ukiondoa mguu kwenye breki, gari larudi nyuma likamgonge aliye nyuma yako. Waundaji walitia ndani ya njia ya mafuta ya breki kijitundu chenye gololi ndogo. Gari likielekea juu, gololi hubingirika na kukiziba kijitundu. Na maadamu klachi imekanyagwa, mafuta hayawezi kurudi, basi breki hubaki zimeshika ijapokuwa mguu umeondoka. Dereva akiiachia klachi pole pole, gololi husukumwa, njia hufunguka, na gari hupanda bila ya kurudi hatta shibiri. Hakuna umeme ndani yake wala mitambo mingi; ni gololi tu na akili ya aliyeiweka.

Katika magari mengi ya miaka ile hapakuwa na haja ya kitufe cha kuwashia injini. Dereva alizungusha ufunguo, kisha akaikanyaga klachi mpaka chini kabisa, na huko chini palikuwa na swichi iliyoamsha injini. Maana yake ni kwamba gari halikuweza kuwashwa likiwa limeshika gia na kumrukia mtu. Aliyetaka kuongeza fedha kidogo alitiliwa gia ya ziada iitwayo ovadraivi, ambayo gari likishika mwendo huipumzisha injini: magurudumu yaendelea kwa kasi ile ile, injini yazunguka polepole, na petroli yabaki tangini. Kwa mtu wa kipato cha kadiri mwenye safari ndefu, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini uadilifu wataka tuseme na aibu zake. Magari haya yalishikwa na kutu, khasa madigadi ya mbele. Tope na maji viliingia nyuma ya gurudumu, vikakaa palipofichika, na chuma kikaliwa kutoka ndani kabla ya mwenyewe kuona kitu nje. Hatta leo mjuzi akitaka kununua Studebaker la zamani, kwanza hupeleka mkono wake huko. Tena mpaka mwaka 1955 magari haya yalitumia umeme wa volti 6, nao ukipita katika waya uliochakaa hufifia, taa zikawa dhaifu na injini ikaamka kwa uvivu asubuhi ya baridi. Wenye magari walijifunza kusafisha vichwa vya betri na kutumia waya mnene, na taabu ikapungua.

KIWANDA KINAFUNGWA

Mwaka 1950 ulikuwa mwaka wa neema. Studebaker waliunda magari zaidi ya 300,000. Baada ya hapo mteremko ukaanza. Majengo yao yalikuwa ya kizamani na gharama za kuunda gari moja zilikuwa kubwa kuliko za wapinzani. Mwaka 1953 walitoa gari zuri mno, lililochorwa na Robert Bourke katika ofisi ya msanifu mashuhuri Raymond Loewy. Lakini walitayarisha kuunda kwa wingi lile la milango minne, na wateja wakalitaka lile la milango miwili. Mwaka huo huo Ford na Chevrolet walikuwa wakishindana kuteremsha bei, na katika vita vya tembo wadogo ndio waumiao. Mwaka 1954 Studebaker waliungana na Packard, kampuni nyingine kongwe, nayo haikuwa na afya. Jina la Packard likakoma mwaka 1958.

Gari dogo lililoitwa Lark likaleta faida mwaka 1959, na watu wakapumua. Lakini kufikia mwaka 1960 makampuni makubwa matatu nayo yalikwisha toa magari madogo, na soko likagawanyika. Mwaka 1962 wakaonyesha Avanti, gari la kasi lenye bodi ya nyuzi za kioo badala ya bati. Bodi zikachelewa kufika kiwandani, na walioagiza wakachoka kungoja. Tarehe 9 Desemba 1963 kampuni ikatangaza kuwa itafunga kiwanda cha South Bend. Tarehe 20 mwezi ule ule gari la mwisho likatoka mlangoni. Watu wapatao 7,000 wakabaki bila ya kazi katikati ya baridi. Tawi la Hamilton, nchini Canada, liliendelea kuunda magari machache mpaka Machi 1966, kisha nalo likafungwa.

AHADI ILIYOVUNJIKA

Wasomaji wetu, twaomba hapa msome polepole.

Mwaka 1950, katika ule mwaka wa neema, kampuni na chama cha wafanya kazi walipatana kuwa mfanya kazi akizeeka atalipwa pensheni. Hata miaka ambayo watu walikwisha itumikia kabla ya mapatano nayo ikahesabiwa, lakini fedha ya miaka hiyo haikuwekwa yote siku ile. Ilipangwa ilipwe kidogo kidogo kwa muda wa miaka 30. Kisha kila walipokutana kupatana, kiasi cha pensheni kikaongezwa, na deni la hazina likaongezeka pamoja nacho. Kuongeza ahadi kulikuwa rahisi kuliko kuongeza mshahara, maana mshahara hutolewa leo na ahadi hutolewa kesho. Kila mtu akaondoka mezani ameridhika.

Kiwanda kilipofungwa, ile kesho ikafika kabla ya wakati wake. Hazina ilifunguliwa, na kilichokuwamo kikagawanywa kwa zamu. Watu 3,600 waliokwisha staafu, au waliotimiza miaka 60 na kustahiki kustaafu, walipata haki yao kamili. Baada yao walifuata watu wapatao 4,000 walio chini ya umri huo, ambao haki yao ilikwisha thibiti. Hao walipata kiasi cha senti 15 tu katika kila dola waliyostahili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na wa utumishi wao karibu miaka 23. Na waliobaki, watu wapatao 2,900, hawakupata hata senti moja.

Hebu mtazame mtu wa miaka 52. Ujana wake ameumaliza penye mashine. Ni mzee mno kwa kiwanda kingine kumwandika upya kwa furaha, na ni kijana mno kwa kukaa barazani. Miaka 23 alikuwa akimwambia mkewe wasiwe na wasiwasi, uzee wao umekwisha andaliwa. Hakuibiwa na mwizi wa usiku. Aliahidiwa kwa wema na watu waliotaraji kulipa. Walakini ahadi ilikuwa imesimama juu ya magari ambayo hayajaundwa bado na faida ambayo haijapatikana bado.

Kilio cha South Bend kilisikika mbali. Wabunge wa Marekani waliujadili mfano wake kwa miaka mingi, mpaka tarehe 2 Septemba 1974 Rais Gerald Ford akatia sahihi sheria inayowalazimu waajiri walioahidi pensheni kuiwekea fedha kwa kiasi kilichopimwa, na kuunda shirika la kuzidhamini pensheni kampuni zikianguka. Sheria hiyo yangali yawalinda mamilioni ya Wamarekani hivi leo. Wale wa South Bend, ambao shida yao iliizaa, haikuwarudishia kitu.

AHADI ILIYOTIMIZWA

Na sasa tuwaangalie walionunua magari. Watu walidhani kuwa kampuni ikifa, Studebaker zitakuwa chuma chakavu kwa miaka michache. Haikuwa hivyo, na sababu ni nyepesi: vipuri vilikuwapo. Kampuni ilikuwa imeunda na kuweka akiba kubwa ya vipuri katika maghala, na kiwanda kilipofungwa akiba ile haikutupwa. Ilipita mikononi mwa wafanya biashara, wakaendelea kuviuza kwa miaka na miaka. Wauzaji wawili wa magari wa mji ule ule, Leo Newman na Nathan Altman, walinunua hatta haki ya kuunda Avanti, na tangu mwaka 1965 wakaliunda wenyewe kwa idadi ndogo.

Wenye magari nao hawakukaa kulia. Mwaka 1962, kabla kiwanda hakijafungwa, walikwisha anzisha chama cha madereva wa Studebaker, nacho kipo mpaka sasa. Humo mtu hufunzwa na mwenziwe namna ya kuitengeneza gololi ya breki, na mwenye madigadi mawili mazima humpa mwenye moja lililooza. Makumbusho ya taifa ya Studebaker mjini South Bend yanayo mengi, na miongoni mwayo gari la farasi lililompeleka Rais Abraham Lincoln usiku aliopigwa risasi mwaka 1865. Lakini kwa mwenye gari, hazina iliyo bora zaidi ni karatasi. Kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa, na mtu akitoa namba ya gari lake aweza kupatiwa nakala ya agizo lililoandikwa siku lilipoundwa: rangi yake, injini yake, na vifaa vilivyotiwa. Ndiyo maana mpaka leo magari hayo hutembea, na vipuri vingi vya mitambo yake hupatikana. Kilicho adimu ni mabati ya bodi.

LA KUZINGATIA

Ahadi mbili zilitoka katika nyumba moja, chini ya jina moja. Kwa nini moja ilidumu na nyingine ikafa? Jibu tumekwisha lisema bila ya kulitamka: vipuri vilikuwa ghalani, na fedha ya wazee haikuwamo hazinani. Ahadi iliyowekewa kitu humzidi umri aliyeitoa. Ahadi isiyowekewa kitu ni deni, na deni la aliyekufa maskini hana wa kulilipa.

Jambo hili halikwisha na zama za Studebaker. Motokaa za sasa hutegemea kompyuta, na programu zake hushikwa na mtengenezaji. Mwezi wa Juni 2024 kampuni ya Marekani ya magari ya umeme iitwayo Fisker iliomba hifadhi ya muflisi, na walionunua magari yake wakalazimika kuunda chama ili wayanusuru. Gololi ya breki aweza kuichonga fundi yeyote mwenye subira; programu iliyofungwa na mwenyewe haichongwi kwa tupa. Basi anayenunua chombo na aulize, pamoja na bei na rangi: vipuri vyake viko wapi, vimeshikwa na nani, na fundi wa hapa kwetu aweza kukifungua?

Na kila mmoja wetu ni mtoa ahadi. Tumewaahidi watoto karo, tumewaahidi wake zetu nyumba, na aliye na mtumishi au kibarua wa siku nyingi huenda amemwambia, usiwe na wasiwasi, sitakutupa uzeeni. Ni maneno mema, na pengine yametoka moyoni kweli. Tuyapimeni kama mafundi wa South Bend walivyopimiwa yao siku ile hazina ilipofunguliwa: tufungue sanduku, tuhesabu, tuone kilichomo. Tukikuta ni kidogo, tuanze leo kutia kidogo kidogo. John Mohler naye alianza kwa toroli moja.